Nguzo Nilizopikia Uji

Mume wangu Simeoni alisimama mbele ya watu wa kijiji chetu, Ulemo, akasema kwamba udongo wangu ndio ulioiangusha nyumba yetu na kumvunja mama yake nyonga. Aliyasema hayo akiwa ametoka kuona kwa macho yake kwamba si udongo. Hilo ndilo kosa nililotendewa, na aibu niliyovikwa siku ile bado ninatembea nayo.

Kwetu tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, ni kazi ya watu wawili. Mti ni wa mwanamume. Yeye huenda porini, huchagua, hukata, humenya maganda, huchoma miguu ya nguzo motoni mpaka iwe myeusi ili mchwa wasiitake, kisha huchimba mashimo na kuzisimamisha. Udongo ni wa mwanamke. Yeye huuchimba, huukanda kwa miguu pamoja na majani makavu, huukandika ukutani ndani na nje, hupandisha mwingine juu ya paa, na kila mwaka kabla ya mvua huukagua kama mtu anavyomwangalia mtoto mwenye kikohozi. Mwanamke hapimi nguzo za mume, na mwanamume haingizi mguu kwenye shimo la udongo. Nyumba ikisimama wanasifiwa wote. Ikianguka watu huuliza swali moja tu: ni mti au ni udongo?

Mimi nilifundishwa na mama yangu, ambaye wanawake wa vijiji vya mbali walikuwa wakimwita siku ya kukandika. Kabla hajachimba aliweka udongo kidogo ulimini. Wenye chumvi aliutema, kwa maana nchi yetu ina chumvi nyingi chini, na ukuta wa chumvi hulia maji na kumomonyoka. Aliniambia, "Rahabu, udongo mbaya huanguka peke yake, ukauacha mti umesimama uchi. Ukiona mti na udongo vimelala chini pamoja, usimlaumu aliyekandika." Neno hilo nilikuwa nalo tangu utoto. Halikunisaidia kitu.

Simeoni alinioa nikiwa bado msichana. Baba yake alikuwa amekufa, kwa hiyo ng'ombe wa mahari walitolewa na kaka yake mkubwa, Andrea. Tuliishi kwa Andrea pamoja na mama mkwe, tukisubiri kujenga ya kwetu. Simeoni alikata nguzo za mninga, akazimenya, akazichoma miguu, na kila moja akaitia alama yake, mikato miwili ya shoka chini ya panda inayobeba boriti. Alizilaza nyuma ya zizi zikauke. Alikuwa anapita akizipiga kwa kiganja na kusema, "Hizi, Mama Dina, wajukuu watazikuta." Dina alikuwa bado tumboni, lakini jina alikwisha kulichagua.

Ilikuwa wakati wa vita vya Hitla. Askari wa jumbe wakapita wakikusanya vijana wa kupelekwa kwenye mashamba ya mkonge, na Simeoni akachukuliwa. Akamwachia Andrea kazi ya kusimamisha nyumba. Mimi nikaenda kwa mama yangu kujifungua.

Niliporudi na mtoto mgongoni nilikuta nguzo zimesimama, boriti zimelazwa, fito zimefungwa. Nilifurahi. Kisha nikasogea. Nguzo zilikuwa na maganda yake. Zilikuwa miyombo mibichi, na miguuni hapakuwa na weusi wa moto.

"Shikamoo, shemeji," nikamwambia Andrea. "Umetusaidia sana. Lakini nguzo za Simeoni zilikuwa zimemenywa."

"Marahaba. Zile ziko safu ya kati, ndani, penye uzito, tumezipaka tope zisipasuke. Hizi ni za pembeni."

"Na za pembeni hazichomwi miguu?"

Akanitazama, akacheka, akawageukia vijana waliokuwa wakimsaidia. "Mnasikia? Mke wa Simeoni amerudi kutoka uzazini akiwa fundi wa nguzo! Shemeji, nami nikusaidie kunyonyesha?"

Wakacheka wote. Nami nikaona haya, nikainamisha kichwa. Ningeingia ndani nikazikwangue nguzo za kati? Mwanamke akikwangua nguzo iliyosimamishwa na kaka wa mumewe, anamwita mwongo mbele ya watu. Sikuingia. Nikaenda kutafuta udongo.

Siku ya kukandika walikuja wanawake wengi. Dada yao Simeoni na Andrea, wifi yangu Maria, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. Nilikuwa nimechimba udongo mwekundu karibu na kichuguu, nimeuonja, nimeulaza na maji usiku kucha. Maria akaingia shimoni, akakanyaga, akapiga kelele.

"Wifi! Udongo huu unanivuta mguu kama mwanamume anayedai chakula!"

"Basi mpe chakula akuachie," akasema mwingine.

"Nimpe nini? Wa kwangu mwenyewe analala na togwa!"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Mpaka jua linashuka kuta zote zilikuwa zimefunikwa, na Maria akapitisha kiganja ukutani akasema kwa sauti ya kweli, si ya mzaha, "Wifi, una mkono." Hiyo ndiyo sifa ya mwisho niliyopewa na mtu wa Ulemo. Ninaikumbuka na ninaona haya kuikumbuka, kwa sababu kazi niliyoifanya siku ile kwa mkono huo ilikuwa kufunika maganda ya Andrea yasionekane na mtu. Nguzo zile zilihitaji kuvikwa, nami nikazivika vizuri.

Tuliingia nyumbani, mama mkwe, mtoto na mimi. Mvua za kwanza zikapita bila tone kuingia. Nyumba ilikuwa na ubaridi mchana na joto usiku. Sakafu niliipiga kwa jiwe na kuipaka samadi mpaka ikawa laini kama kibuyu. Juu ya paa nilianika mtama. Mama mkwe alikaa mlangoni na kuwaambia wapita njia, "Karibuni mwone, sisi hatuko tena kwa watu."

Mvua za pili, mchana mmoja, nilikuwa shambani na mtoto mgongoni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na sasa imetulia. Nikasikia mlio kama wa mti mkubwa unaopasuka, kisha kelele za mbuzi. Nilipofika hapakuwa na nyumba. Paa lilikuwa limelala juu ya kuta na kuta zimelala nje, na chini yake mama mkwe alikuwa anaita jina la marehemu mumewe. Tulimchimbua kwa mikono. Alitoka hai, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka, na hakusimama tena mpaka leo.

Tukahamia kwa Andrea. Kesho yake asubuhi aliamka kabla ya wote, akaanza kuzing'oa nguzo zilizovunjika kutoka kwenye kifusi na kuzikokota mpaka jikoni kwake. "Mama anatetemeka," akasema. "Anahitaji moto na uji. Kuni ni hizi hizi, za nini kwenda porini?" Nikamwona mwema. Nikamwambia, "Asante, shemeji." Hapo ndipo uso wangu unapowaka zaidi kuliko mahali pengine pote, kwa sababu nilimshukuru.

Niliwasha moto kwa nguzo za nyumba yangu, nikapika uji wa uwele, nikamnywesha mama mkwe kwa kibuyu. Siku zile nilikuwa sijui kulala wala kufikiri, nilikuwa natia kuni tu. Mpaka nilipochukua kipande nikakiona ni chepesi kama bua la mtama. Nikakigeuza. Ndani kulikuwa na vijia vilivyojaa udongo mwekundu, na mchwa wakaanza kutoka mmoja mmoja wakikimbia joto. Nikatazama vipande vilivyobaki pembeni. Havikuzidi vya kupika chungu kimoja, na vyote vilikuwa hivyo, ganda zima kwa nje na ndani hakuna mti.

Nikavuta kijinga kimoja kutoka motoni, nikakizima kwa maji, nikakiweka nyuma ya mtungi. Jioni Andrea akaingia kumwona mama yake. Akakiona.

"Hiki kimelowa, shemeji. Mbona umekiweka hapa?"

"Nataka Simeoni akione."

Alikiokota, akakisukuma katikati ya moto kwa mguu, akasimama mpaka kikashika. Kisha akamwambia mama yake, "Lala salama, mama." Ndipo nikageuza macho nisimtazame, na macho yangu yakaangukia nguzo iliyokuwa nyuma yake. Ilikuwa nguzo ya chumba kipya tulimolala, kilichopakana na jiko, alichokiongeza mwaka nilipokwenda kujifungua. Mninga uliomenywa. Miguu myeusi. Chini ya panda, mikato miwili ya shoka.

Tulikuwa tumehifadhiwa chini ya nguzo zetu wenyewe.

Watu hawakukaa kuamua mpaka Simeoni aliporudi, kwa kuwa nyumba ilikuwa yake. Alirudi kiangazi, amekonda, viganja vimepasuliwa na miiba ya mkonge. Siku ya baraza wazee walikaa uani kwa Andrea. Mama mkwe alitolewa nje kwenye ngozi yake. Wanawake walikaa upande wao, mimi mbele yao peke yangu. Aliyeuliza maswali alikuwa mzee Idrissa, jirani yetu, mtu wa msikiti aliyeheshimiwa na Wakristo pia kwa kuwa hakuwa na upande.

Andrea akasema nguzo zilikuwa nzuri, bali mimi niliongeza udongo paani kabla ya mvua bila kuparua ule wa kwanza, nao ulikuwa mzito na wenye maji.

"Mama Dina, unasemaje?" akauliza mzee Idrissa.

"Baba, paa lilikuwa na mwaka mmoja. Hapakuwa bado na udongo wa zamani wa kuparua. Na udongo mbaya huanguka peke yake, ukaacha mti umesimama. Huu ulilala na mti wake. Nguzo zililiwa na mchwa."

Watu wakanong'ona. Mzee Idrissa akatikisa kichwa kwa kukubali. "Neno hilo ni la kweli kwa kila anayejua tembe. Basi tuzione nguzo. Ziko wapi?"

Nikageuza macho upande wa jiko la Andrea.

"Ziko wapi, binti yangu?"

"Zimechomwa."

"Nani amezichoma?"

"Mimi. Nilimpikia mama uji."

Nyuma yangu mwanamke mmoja akacheka, akaziba mdomo. Kisha mwingine. Ningependa ardhi ipasuke. Nilitaka kusema ni nani aliyezileta jikoni, lakini vicheko vilikuwa vimejaa uani, na Andrea alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayenionea huruma.

Mzee Idrissa akaelekeza mkono kwenye kifusi. Akasema, "Miguu ya nguzo bado imo mashimoni. Simeoni, nyumba ni yako na mke ni wako. Nenda katazame, urudi utuambie."

Simeoni akaenda. Pale penye kifusi palikuwa mbele ya macho yetu, ng'ambo ya zizi. Tulimwona akiinama, akivuta, akiinuka na kitu mkononi, akikigeuza. Akainama tena kwenye shimo jingine. Nilianza kupumua. Nikajisemea, sasa ameona. Alirudi akipangusa mikono. Kwenye vidole alikuwa na ule udongo mwekundu wa mchwa, mlaini kama unga. Akapita karibu na mlango wa kile chumba kipya, akasimama kidogo, akatazama ndani. Kisha akaja katikati.

"Mti ni mzima," akasema. "Ni udongo."

Mama mkwe akalia kwa sauti. Mimi sikulia. Mzee Idrissa akanitazama muda mrefu, akasema kwamba mwenye nyumba amekwisha kusema. Nikaambiwa nipige magoti mbele ya mama mkwe nimwombe radhi kwa kosa la mkono wangu, nami nikapiga magoti.

Kesho yake nilimfuata Simeoni shambani. Nikamwuliza, "Uliona?"

"Niliona."

"Na nguzo zako kwa Andrea?"

"Nazo nimeziona. Nilizikata mimi, nitazisahau?" Alikuwa anang'oa mabua, hakugeuka. "Ng'ombe wa mahari yako walitoka wapi? Na nani amekaa na mama nilipokuwa sipo? Nimwite kaka yangu mwizi mbele ya watoto wake? Aibu ya udongo, Mama Dina, mvua moja inaiosha. Ya ndugu haioshwi."

Mvua nyingi zimenyesha tangu hapo.

Tulijenga tena. Simeoni alikata mninga mwenyewe. Siku ya kukandika Maria alikuja na wanawake, akaingia shimoni, nami nikavua viatu nimfuate. Akanizuia kwa kiwiko. "Wifi, wewe tuletee maji tu." Hakukuwa na mzaha mdomoni mwake. Ndiyo nyumba ninayoishi mpaka leo. Ukutani juu ya kitanda changu kuna alama za vidole vya Maria, na kila ninapoamka ndizo ninazoziona. Kila mwaka kabla ya mvua yeye huja kukagua ukuta wangu, nami humchotea maji na kumwambia ahsante, wifi.

Mama mkwe ninamwosha mimi. Wageni wakija humwambia kila mmoja, kwa upole, "Huyu ndiye aliyenivunja. Lakini ana moyo, ananiosha vizuri." Watoto wa kijijini wakicheza kujenga tembe za matope, ya mmoja wao ikibomoka humzomea: "Rahabu amekandika! Rahabu amekandika!" Hao wa sasa hata hawajui kwamba Rahabu ni mtu. Nilipita siku moja, wakaniamkia vizuri, shikamoo bibi, wakaendelea kuimba.

Andrea alikufa miaka mitatu iliyopita. Mazikoni walimsifu kuwa aliwatunza wadogo zake. Simeoni alilia sana. Mimi nilipika.

Mwaka huu Dina ameolewa na Kefa, kijana wa hapa hapa, na wakaanza kujenga. Kwetu mama wa bibi arusi ndiye anayekanda donge la kwanza na kulipiga kwenye nguzo ya mlango. Ni jambo la mara moja kwa kila binti, na mimi binti ninaye mmoja tu. Nikamwambia Simeoni, "Kesho kutwa wanakandika. Nenda kawaambie."

"Kuwaambia nini?"

"Ulichokiona mashimoni."

"Andrea yuko kaburini. Nimfufue nimwaibishe?"

"Mimi siko kaburini."

Akachukua kofia yake akatoka.

Nilikwenda hivyo hivyo. Niliamka mapema, nikaoga, nikavaa kanga yangu nzuri. Kabla wanawake hawajafika nilitazama nguzo za Kefa. Zilikuwa zimemenywa, miguu imechomwa vizuri. Nikachota udongo kidogo shimoni nikauweka ulimini. Haukuwa na chumvi. Nikashukuru Mungu kwa ajili ya mtoto wangu.

Wanawake wakaja na vicheko vyao, na mama yake Kefa katikati. Tukaamkiana. Nikakunja kanga nikasogea shimoni. Wakanyamaza. Mama yake Kefa akamtazama Maria, na Maria akatazama chini. Hakuna aliyenizuia. Aliyekuja ni Dina. Alinishika mkono, akanivuta kando kidogo, akasema kwa sauti ya chini lakini kimya kilikuwa kikubwa, wote wakasikia.

"Mama, usiguse. Nakuomba. Kaa kivulini."

"Dina, mimi ni mama yako."

"Najua, mama. Ndiyo maana nakuomba. Nitaishi na hawa watu. Siku ukuta ukipata ufa, watasema nini?"

Alikuwa analia. Hakusema kwa ubaya. Anaamini, kwa sababu hata baba yake mzazi hajawahi kumwambia lingine, na mimi nikimwambia ni kama mwizi anayesema hakuiba. Nikaenda kivulini. Donge la kwanza lilipigwa na Maria. Nilibaki nimekaa na kanga yangu nzuri, mikono mapajani, misafi, mbele ya watu wote, mpaka walipomaliza.

Kwa Andrea sidai tena. Dina simdai na sitamnunia. Ninayemdai ni Simeoni. Ninamdai asimame mchana, katika ua ule ule, mama yake akiwa ametolewa kwenye ngozi yake ili asikie kabla hajafa, na mzee Idrissa akiwapo angali anaona, na Maria, na Dina na wakwe zake, aseme, "Ulikuwa mti. Niliuona." Hana haja ya kusema ni nani aliyezichukua nguzo. Hilo ninamwachia.

Hajasema. Yuko hai, ana nguvu, na asubuhi ya leo amekunywa uji wangu.